Je, Wajua? Kila Zimwi Lina Mwaka Wake wa Kuzaliwa

Je, wajua kwamba jua halikuwa likimuua mnyonya damu mpaka mwaka 1922? Katika riwaya ya Bram Stoker iliyochapishwa 1897, Dracula anatembea mitaa ya London mchana kweupe. Mwanga unampunguzia nguvu, haumwui. Aliyemgeuzia mambo ni Mjerumani F. W. Murnau, mwongozaji wa filamu ya kimya Nosferatu. Mwishoni jogoo anawika, jua linachomoza, na mwinyi Orlok anatoweka, kinabaki kimoshi sakafuni. Leo kila mtoto anajua kwamba mnyonya damu na jua hawaivi chungu kimoja, na wachache wanajua kwamba sheria hiyo ilitungwa na watu wa sinema.

Je, wajua kwamba filamu hiyohiyo ilihukumiwa kuchomwa moto? Waliotengeneza hawakumwomba ruhusa Florence, mjane wa Stoker. Walibadilisha majina wakidhani yatapita. Mama huyo akawashtaki, na mwaka 1925 mahakama ya Ujerumani ikaamuru nakala zote ziteketezwe. Kwa bahati yetu, nyingine zilikuwa zimeshavuka mipaka.

Na je, wajua Orlok anaingia mjini na nini? Anaingia na meli iliyojaa panya, na nyuma yake inakuja tauni. Kuna picha moja inayochukua sekunde chache tu: barabara nyembamba, wanaume waliovaa nguo nyeusi wanashuka wawili wawili, kila jozi na jeneza lake. Watazamaji wa Berlin walioketi mbele ya picha hiyo Machi 1922 walikuwa wametoka kwenye vita vilivyomaliza vijana wao na homa ya mafua ya 1918 iliyokuja kumalizia. Mtu aliyezika ndugu wawili hakuhitaji kuelezwa maana ya majeneza yale.

Ninachokiamini ni hiki: filamu ya kutisha haitungwi hewani. Zimwi lolote lililodumu lina mwaka wake, lina mji wake, na mara nyingi lina watu halisi walioumia kabla kamera haijawashwa. Tukilijua hilo, filamu hizi za zamani zinatusemesha upya, hata kama ngozi ya zimwi inaonekana wazi kuwa ni mpira.

Je, wajua kwamba filamu inayotajwa sana kuwa ya kwanza ya kutisha ina urefu wa dakika 3 hivi? Ni Le Manoir du diable ya Mfaransa Georges Méliès, 1896. Popo anaingia ukumbini, anageuka shetani. Sinema ilikuwa haijatimiza hata miaka miwili tangu ianze kuonyeshwa kwa umma, na tayari shetani alikuwa ameshapata kazi.

Je, wajua kwamba zimwi la Frankenstein ni mtoto wa volkano? Aprili 1815 mlima Tambora ulilipuka katika kisiwa cha Sumbawa, Indonesia ya leo. Majivu na gesi vilipanda angani vikazuia jua, na mwaka 1816 Ulaya ikakosa kiangazi. Kando ya ziwa Geneva, Uswisi, kikundi cha vijana wa Kiingereza kilifungiwa ndani na mvua isiyokatika. Mshairi Byron akapendekeza kila mmoja atunge hadithi ya kutisha. Mary Shelley, msichana wa miaka 18, akaanza Frankenstein. Daktari wa Byron, John Polidori, naye akaja kutoa The Vampyre, iliyochapishwa 1819. Mazimwi mawili makubwa ya sinema yalitoka nyumba moja, msimu mmoja wa mvua.

Lakini volkano inaeleza nusu tu. Mama yake Mary, mwandishi Mary Wollstonecraft, alifariki siku chache baada ya kumzaa. Mwanzoni mwa 1815 Mary mwenyewe alijifungua mtoto wa kike kabla ya wakati, na mtoto hakumaliza mwezi. Katika shajara yake aliandika kwamba ameota kichanga kile kilikuwa kimepata baridi tu, wakakisugua mbele ya moto, kikafufuka. Akaamka, hayupo. Mwaka uliofuata akaanza kuandika kitabu kuhusu mtu anayetia uhai mwili uliokufa. Kila ninapomwona yule mwanasayansi wa filamu ya Frankenstein ya 1931 akishangilia kwamba kiumbe chake kiko hai, namkumbuka mama huyo kijana zaidi ya namna ninavyokumbuka radi na mitambo.

Tena umeme wenyewe haukuwa ndoto. Je, wajua kwamba Januari 1803, mjini London, Mtaliano Giovanni Aldini aliupitisha umeme katika maiti ya mfungwa aliyekuwa ametoka kunyongwa? Taya zilitikisika, jicho moja likafunguka, mkono wa kulia ukainuka na kukunja ngumi. Mary alikuwa mtoto wa miaka 5 mjini humohumo.

Je, wajua kwamba majina ya waigizaji yalipopita mwanzoni mwa Frankenstein ya 1931, mbele ya jina la zimwi paliwekwa alama ya kuuliza? Aliyefichwa nyuma ya alama hiyo ni Boris Karloff, Mwingereza ambaye jina lake la kuzaliwa ni William Henry Pratt, aliyekuwa amesota miaka mingi kwenye vijisehemu vidogovidogo. Jack Pierce alimpaka mekapu kwa saa kadhaa kila alfajiri. Kitabuni kiumbe huyo anasema kwa ufasaha na anasoma Milton. Mwongozaji James Whale alimnyang'anya ulimi, akamwachia macho na mikono. Nadhani alifanya vyema, kwa sababu mikono ya Karloff inaomba zaidi ya maneno.

Kuna tukio la ziwani. Kiumbe anakutana na binti mdogo, Maria, ambaye hamwogopi. Wanarusha maua majini, yanaelea. Maua yakiisha, naye anadhani kila kizuri huelea, anamnyanyua mtoto na kumtupa. Wakaguzi wa filamu waliliona tukio hilo ni kali mno wakalikata pale anaponyoosha mikono. Kwa miongo mingi watazamaji waliona mikono ikinyooshwa kwa mtoto, kisha baba amebeba maiti mjini. Katikati wakajaza wenyewe, na walichojaza kilikuwa kibaya kuliko kosa la kiumbe asiyejua. Mkasi uliokusudiwa kuwalinda ulimfanya zimwi kuwa katili kuliko alivyokuwa. Sehemu hiyo ilikuja kurudishwa miaka ya 1980.

Je, wajua kwamba Bela Lugosi haonyeshi meno marefu hata mara moja katika Dracula ya 1931? Na je, wajua kwamba kampuni hiyohiyo, Universal, ilitengeneza Dracula wa pili kwa Kihispania kwa wakati mmoja? Wenzao wa Kiingereza wakimaliza kazi jioni, kundi la pili liliingia usiku kwenye majengo yaleyale na kupiga picha hadi alfajiri. Wapenzi wengi wa filamu wanaona ile ya usiku imepigwa kwa ustadi zaidi. Lugosi alifariki 1956 na akazikwa amevaa joho la Dracula.

Wakati huohuo Afrika Mashariki haikumsubiri Lugosi. Je, wajua kwamba tangu miaka ya 1920 watu wa Mombasa, Nairobi, Kampala na kwingineko walikuwa wakisimuliana habari za wanyonya damu wao? Pwani walijulikana kama mumiani. Bara wengi waliwaita wazimamoto. Hawakuwa na joho wala ngome milimani. Walikuwa na sare, gari na kazi ya serikali ya kikoloni, na ilisemwa kwamba wanawakamata watu usiku na kuwakamua damu. Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi hayo na mwaka 2000 akayachapisha katika kitabu Speaking with Vampires. Hoja yake ni nzito: hadithi hizo ni ushahidi wa jinsi watu walivyouona utawala uliowapima, uliowatoza kodi na kuwachukua kazini bila kuwaeleza kwa nini. Kwangu mumiani ana haki ya kukaa meza moja na Dracula. Na wakaazi wa Pemba na Unguja wanakumbuka mwanzoni mwa 1995, miezi michache kabla ya uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, hofu ya zimwi liitwalo popobawa ilipowatoa watu majumbani wakalala nje kwa makundi, moto ukiwaka. Hofu ile nayo ilikuwa na tarehe.

Je, wajua kwamba maiti anayetembea alianzia kwenye mashamba ya miwa? Haiti ilipokuwa koloni la Ufaransa, Waafrika waliotekwa kutoka Afrika Magharibi na nchi ya Kongo walifanyishwa kazi mpaka wakafa, na faraja yao ilikuwa kwamba roho ikitoka itarudi kwao. Hofu kubwa kuliko zote ikawa hii: kwamba kuna mchawi anayeweza kukuinua kaburini ili uendelee kukata miwa. Yaani utumwa usioisha hata kwa kufa. Zombi wa kwanza hali nyama ya mtu wala hamng'ati mtu. Anafanya kazi ya mwingine, basi.

Filamu ya kwanza ndefu kuhusu zombi, White Zombie, ilitoka 1932, majeshi ya Marekani yakiwa bado yanaikalia Haiti. Yaliingia 1915 na kuondoka 1934, na katikati yake yalirudisha kazi za shuruti za kujenga barabara. Tazama tukio la kinu cha sukari. Maiti hai wanaume, karibu wote weusi, wanalisukuma gurudumu kubwa duara kwa duara, mbao zinalia. Mmoja anateleza na kuanguka ndani ya mashine. Hakuna anayegeuka. Mashine haisimami. Sijui kama waliotengeneza walifahamu ukubwa wa ukweli waliouweka mle. Walitaka kumwokoa bibi harusi mweupe, na kamera yao ikatuonyesha historia ya nchi nzima.

Je, wajua kwamba katika Night of the Living Dead, filamu iliyomfanya zombi awe mla nyama za watu, neno zombi halitamkwi kabisa? George Romero aliipiga karibu na Pittsburgh kwa dola zipatazo 114,000 tu. Damu ni chokoleti ya maji. Wasambazaji walipobadilisha jina la filamu walisahau kuirudishia alama ya hakimiliki, na kwa kosa hilo ikawa mali ya umma nchini Marekani tangu siku ya kwanza: yeyote nchini humo anaweza kuinakili na kuionyesha bila kulipa.

Shujaa wake, Ben, ni Duane Jones, mwigizaji mweusi, na hakuna mtu kwenye filamu anayeitaja rangi yake. Ben anapigana usiku kucha ndani ya nyumba ya shambani. Kunakucha, yu hai peke yake. Nje wanakuja wanaume weupe wenye bunduki wanaowasaka maiti hai; wanamwona dirishani na kumpiga risasi ya kichwa. Kisha zinafuata picha zisizotembea, zenye chengachenga za gazeti, wakimburuta kwa ndoana za kubebea nyama. Romero alisimulia kwamba Aprili 4, 1968 walikuwa barabarani wakiipeleka filamu New York waliposikia redioni kwamba Martin Luther King ameuawa. Mimi siwezi kuzitazama zile picha za mwisho nikaita ni burudani tu. Nazitazama kwa kuwa zinasema kweli.

Je, wajua kwamba wavamizi wa kutoka Mars walitokana na kisiwa cha Tasmania? H. G. Wells, katika kurasa za mwanzo za The War of the Worlds (1898), anawakumbusha Waingereza wenzake jinsi wenyeji wa Tasmania walivyofyekwa na walowezi wa Ulaya, kisha anauliza kwa nini watu wa Mars wawe na huruma zaidi. Kizazi cha wenyeji hao kipo mpaka leo. Kitabu kizima ni swali moja: ingekuwaje kama London ingetendewa yale London iliyowatendea wengine? Hollywood ilipoipeleka hadithi hiyo California mwaka 1953, swali hilo lilibaki nyuma, vikaja mashine na moto.

Watu wengi wameisikia habari ya Oktoba 30, 1938, Orson Welles aliposoma hadithi hiyo redioni kwa mtindo wa taarifa ya habari. Je, wajua kwamba taharuki ya siku ile ilikuzwa mno na magazeti, yaliyokuwa yakigombea soko na redio? Msiba wenyewe ulitokea Quito, Ecuador, Februari 1949. Kituo cha redio kilirudia mchezo huo kwa Kihispania. Wasikilizaji walipogundua wamedanganywa walilizingira jengo na kulitia moto, na watu kadhaa wakafa.

Je, wajua kwamba nyuma ya Godzilla kuna mashua ya wavuvi wa jodari? Machi 1, 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni kwenye kisiwa cha Bikini, lenye nguvu takriban mara 1,000 ya lile la Hiroshima. Mashua ya Kijapani iitwayo Daigo Fukuryū Maru, yenye mabaharia 23, ilikuwa nje ya eneo lililopigwa marufuku. Baada ya saa chache ukaanza kuwanyeshea unga mweupe. Uliwaingia machoni, puani, ukatanda kwenye sitaha; waliukusanya kwa mikono mitupu. Ulikuwa majivu ya matumbawe yenye mionzi. Wote waliugua. Fundi wa redio, Aikichi Kuboyama, alifariki Septemba 23. Kote Japani watu wakaogopa kula samaki.

Novemba 3 mwaka huohuo Gojira, yaani Godzilla kwa Kijapani, ikaingia kwenye majumba ya sinema, na tukio lake la kwanza ni mashua, mabaharia wanaopumzika kwa muziki, na mwanga mkali unaotoka baharini. Hakuna Mjapani aliyeuliza maana yake. Mwongozaji Ishirō Honda alikuwa amepita Hiroshima akirudi kutoka vitani na kuona kilichobaki. Ndiyo maana filamu yake inakaa hospitalini kwa muda mrefu hivyo: majeruhi sakafuni, daktari anamsogezea mtoto kipima mionzi, kisha anatikisa kichwa. Mama mmoja anawakumbatia wanawe moto ukikaribia na kuwaambia kwamba watakuwa na baba yao muda si mrefu. Wamarekani walipoitoa upya kwao mwaka 1956 walimwongeza mwigizaji wao Raymond Burr na kupunguza sehemu kubwa ya habari za bomu. Likabaki joka kubwa linalobomoa majengo, na wengi wetu tuliolijua kwanza kwenye vibanda umiza tulimjua huyo.

Sauti yake, je? Mtunzi Akira Ifukube alichukua fidla kubwa ya besi, akalegeza uzi, akausugua kwa glavu ya ngozi iliyopakwa utomvu wa msonobari, kisha mkanda ukachezwa taratibu.

Je, wajua kwamba wazimu wa sinema za miwani ya pande tatu Marekani uliwashwa na simba wa Tsavo? Novemba 1952 ilitoka Bwana Devil ya Arch Oboler, filamu ndefu ya kwanza ya rangi ya aina hiyo nchini humo. Wahakiki waliiponda, lakini foleni zilizunguka majengo, kwa sababu watu walitaka kuruka kitini simba akiwarukia. Simba wenyewe walikuwa kweli: madume wawili wasio na manyoya ya shingoni, waliowashambulia wajenzi wa reli ya Uganda mwaka 1898, wengi wao vibarua waliotoka India. Patterson, aliyewaua simba hao, aliwahi kutaja watu 135. Uchunguzi wa mifupa na manyoya uliochapishwa 2009 ulikadiria watu 35 hivi. Kabla ya kufika jumba la makumbusho la Field Museum, Chicago, waliko leo, ngozi zao zilikuwa mazulia ya Patterson kwa miaka karibu 25. Ninaguswa zaidi na vibarua wale waliolala kwenye mahema ya turubai huku wakisikia jirani akiburutwa. Filamu zimetaja majina ya wazungu, hao hawana majina.

Twende mbio kidogo. Je, wajua kwamba vivuli vingi vya Das Cabinet des Dr. Caligari (1920) vilichorwa kwa rangi ukutani na sakafuni? Kwamba Conrad Veidt, aliyeigiza mle mtu anayeua akiwa usingizini, aliwakimbia Wanazi 1933 akiwa na mkewe Myahudi, akaishia kuwaigiza Wanazi kwenye sinema za Marekani? Kwamba Lon Chaney, aliyejitengenezea mwenyewe ile sura ya kutisha ya The Phantom of the Opera (1925), alilelewa na wazazi viziwi wote wawili, na uso wake ulijua kusema kabla ya mdomo? Kwamba André de Toth, aliyeongoza House of Wax ya pande tatu mwaka 1953, alikuwa na jicho moja tu, hivyo hakuweza kuziona pande hizo? Kwamba kompyuta HAL katika 2001: A Space Odyssey (1968) inaimba Daisy Bell ikizimwa kwa sababu mwandishi Arthur C. Clarke aliwahi kuisikia kompyuta halisi ikiimba wimbo huo katika maabara za Bell?

Turudi kwenye sauti, maana hofu nyingi huingilia sikioni. Je, wajua kwamba mwongozaji Hitchcock hakutaka muziki wowote kwenye tukio la bafuni la Psycho (1960)? Bernard Herrmann aliandika muziki hata hivyo, kwa ala za nyuzi peke yake, na Hitchcock aliposikia zile fidla zikilia alikubali. Tukio lenyewe ni la sekunde 45 hivi. Lilichukua siku 7 kupigwa. Sauti ya kisu kikizama ni tikiti lililochomwa. Janet Leigh, aliyeigiza mwathiriwa, alisema baadaye kwamba tangu ajione kwenye pazia la sinema aliacha kuoga bafu la mvua.

Kwa nini fidla zile zinatukata? Mtafiti Daniel Blumstein amewachunguza kwa miaka mingi marmoti, wanyama wa jamii ya kindi wanaoishi kwenye mashimo milimani. Aligundua kwamba kitoto cha marmoti kikikamatwa, mlio wake hukwaruza na kuvunjikavunjika, kwa kuwa hewa inasukumwa kuliko koo linavyoweza kubeba. Mwaka 2010 yeye na wenzake walipima sauti za filamu 102 na kukuta kwamba za kutisha zina milio ya namna hiyo mingi kuliko inavyotarajiwa. Herrmann hakuwahi kusoma utafiti huo. Alijua tu jinsi mtoto anavyolia akiwa hatarini, na mwili wa msikilizaji unaitambua sauti hiyo kabla akili haijauliza imetoka wapi.

Je, wajua kwamba papa wa Jaws (1975) haonekani kwa sehemu kubwa ya filamu kwa sababu alikuwa mbovu? Mashine ya mwongozaji Spielberg ilikataa kufanya kazi kwenye maji ya chumvi, ikabidi maboya na noti mbili za mtunzi John Williams zifanye kazi yake. Ukaja utisho bora kuliko uliopangwa. Papa wa kweli ndio walioilipia. Peter Benchley, mwandishi wa riwaya hiyo, alitumia miaka yake ya mwisho kuwatetea, akisema kwamba kwa aliyoyajua baadaye asingeweza kuiandika tena. Watu wanaouawa na papa duniani kwa kawaida hawafiki 15 kwa mwaka. Papa wanaouawa na watu walikadiriwa mwaka 2013 kufika milioni 100 hivi.

Sasa huyu, ambaye natamani kila msomaji amjue. Je, wajua kwamba ndani ya zimwi la Alien (1979) alikuwamo kijana wa Lagos? Bolaji Badejo alikuwa mwanafunzi wa sanaa ya michoro London, mwenye urefu unaozidi mita 2, mikono na miguu mirefu myembamba. Wakala wa waigizaji alimwona baa. Mwongozaji Ridley Scott alikuwa anatafuta mwili ambao mtazamaji asingeweza kusema, huyo ni mtu aliyevaa vazi, na Badejo ndiye aliyekuwa nao. Alifundishwa tai chi na uigizaji wa kimya ili ajifunze kwenda polepole. Vazi lililobuniwa na H. R. Giger lilikuwa na mkia uliomzuia kuketi kitini, wakamfungia pembea apumzikie kati ya tukio na tukio. Hiyo ndiyo filamu yake pekee. Alirudi Nigeria na akafariki Lagos mwaka 1992, miaka 39. Mamilioni wameota jinamizi lake na hawajawahi kuiona sura yake.

Je, wajua kwamba kuna mtu ambaye hakuna filamu kati ya hizi inayoweza kumtisha? Ni mwanamke wa Marekani ambaye watafiti humtaja kwa herufi mbili tu. Ugonjwa adimu uliharibu amigdala zake, vijisehemu viwili vya ubongo vyenye umbo la lozi. Walimwonyesha filamu za kutisha, akazifuatilia kwa hamu bila hofu. Walimpeleka kwenye duka la nyoka, akawashika na kuwauliza wauzaji maswali. Walimtembeza kwenye nyumba ya mizuka ya kuigiza, akatangulia mbele akicheka. Kisha, katika utafiti uliochapishwa 2013, wakampa barakoa yenye hewa iliyochanganywa na asilimia 35 ya kaboni dayoksaidi, apumue mara moja. Akapatwa na kiwewe, akaipapatua ile barakoa usoni, akaomba msaada. Pacha wawili wenye tatizo hilohilo walipojaribiwa, ikawa hivyohivyo. Nyoka, kisu na maiti hupitia kwenye macho na masikio. Kukosa pumzi hutoka ndani ya damu, na kengele yake haihitaji amigdala kulia. Ndiyo maana kile kiumbe cha Alien kinachomrukia mtu usoni na kumzungushia mkia shingoni hakijazeeka hata kidogo.

Na je, wajua kwamba Mkenya Wanuri Kahiu alilitengenezea filamu jambo hili la pumzi? Pumzi, ya mwaka 2009, ina dakika 20 hivi na ilionyeshwa kwenye tamasha la Sundance mwaka uliofuata. Watu wa Afrika Mashariki ya baadaye, baada ya vita vya kugombea maji, wanaishi ndani ya jengo lililofungwa lisilofunguliwa. Jasho na mkojo wao husafishwa wakanywa tena, umeme wanauzalisha kwa kukimbia kwenye mashine, na ndoto zinazimwa kwa kidonge. Asha, mtunza makumbusho, anapokea pakiti ya udongo ambao vipimo vinaonyesha una unyevu na hauna mionzi. Anapanda mbegu ndani yake kwa tone la maji aliyokuwa anywe mwenyewe, na mbegu ikichipua anaomba kibali cha kutoka. Wakubwa wanamnyima, maabara yake inaharibiwa, anapelekwa kwenye mashine za kuzalisha umeme. Anatoroka na mche wake kuelekea jangwani.